Tundu la Tatu

Kila keja niliyowahi kuishi Nairobi imekuwa na biro moja isiyoandika. Haitupwi. Hukaa karibu na soketi, kwa sababu plagi ya pini mbili haiingii kwenye soketi yetu ya matundu matatu mpaka usukume kitu kwenye lile tundu la juu. Biro. Kijiti cha kiberiti. Mpini wa mswaki. Unasukuma, vifuniko vya ndani vinafunguka, unapenyeza plagi, unachomoa biro, maisha yanaendelea. Kwa miaka 26 nilidhani hiyo ndiyo kazi pekee ya tundu la tatu: mlango wa biro.

Nilikuja kujua kazi yake ya kweli kwa njia ya vifaranga.

*

Tata, dada mkubwa wa baba yangu, anaishi Limuru na huniita Baba. Mimi ni kifungua mimba, nikapewa jina la babu, kwa hivyo kwa hesabu za Wakikuyu mimi ni baba yake mzazi, ingawa amenizidi miaka 31. Heshima hiyo huja na bili. Baba ndiye hununua unga wa sherehe. Baba ndiye hupigiwa televisheni ikigoma. Na Baba, kwa kuwa alisomea mambo ya kompyuta, ndiye aliyeombwa aunde kitu cha kuwasha na kuzima taa ya vifaranga.

Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35. Baada ya hapo unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yamfunike. Kama umewahi kulala Limuru mwezi wa saba, unajua hizo nyuzi 32 hazitoki mbinguni. Tata alikuwa akiamka mara tatu usiku kuangalia jiko la makaa.

"Si uniundie kitu cha kuamka badala yangu?" aliniambia.

Nilikiunda mwezi wa pili, katika keja yangu ya Zimmerman, nikiwa nimekaa kitandani. Hilo la kitandani mlishike. Blanketi lilikuwa lile la manyoya bandia, sweta yangu ya nailoni, na sakafuni kulikuwa na zulia nililotoa Gikomba. Februari ile ilikuwa kavu. Nikivua sweta gizani nilisikia inalialia na kuona vijicheche vya buluu. Nikishika kitasa cha mlango kinaniuma kidole. Nilicheka tu. Nilimwambia jirani kwamba siku hizi nina stima mwilini.

Kifaa chenyewe hakikuwa na maajabu. Kihisi cha joto, kijiskrini, bodi ndogo ya kompyuta ya kufikiria, na rilei ya kuwasha taa. Kati ya bodi na rilei kulikuwa na transista moja ya miguu mitatu, nyeusi, ndogo kama punje ya mahindi, aina ya 2N7000. Kazi yake ni kuwa askari wa geti. Bodi ikimwambia fungua, anafungua, rilei inapiga tak, taa inawaka. Niliinunua Luthuli Avenue kwa shilingi 30, nikaitia mfukoni pamoja na funguo na sarafu, nikapanda matatu.

Usiku huo nililehemu. Chuma changu cha kulehemu kilikuwa cha bei ya chini kabisa, plagi ya pini mbili. Nikachukua biro, nikasukuma tundu la tatu, nikachomeka.

Kifaa kilifanya kazi mara ya kwanza! Sijui kama mnajua raha hiyo. Nilikiweka karibu na barafu ya friji ya jirani, taa ikawaka. Nikakipulizia pumzi, ikazima. Nilifanya hivyo mara ishirini kama mtoto. Nikampelekea Tata, akakihifadhi kabatini hadi vifaranga wa Julai walipofika. Hamsini. Usiku wa kwanza akalala hadi asubuhi, akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne za baraka tupu.

Usiku wa kumi na moja, simu iliita saa kumi na mbili asubuhi.

"Baba, kuja uone."

Kifaranga akihisi baridi hutafuta mwenzake. Hamsini wakihisi baridi hukimbilia pembe moja na kupandana, na walio chini hukosa hewa. Tata alikuwa amewatoa na kuwapanga ndani ya ndoo ya rangi, 31, kwa utaratibu, kama mtu anayepanga mayai. Hakunilaumu. Aliniuliza kama nitakunywa chai.

Nilienda kuangalia kifaa. Kijiskrini kilikuwa kinawaka vizuri, kimeandika nyuzi 14. Kilijua. Usiku mzima kilijua kwamba ni baridi na kilikuwa kinatoa amri taa iwashwe. Askari wa geti ndiye aliyekuwa amekufa akiwa amesimama.

*

Nilishuka Luthuli siku hiyo hiyo na hasira ya mtu anayejua nani wa kulaumu. Jijini wote tunajua: kitu kikiharibika, ni feki. Nilimkuta yule muuzaji kwenye kibanda chake, kimejaa visanduku vidogo vya plastiki hadi darini, nikaanza kumwaga. Umeniuzia takataka. Vifaranga wa mtu wamekufa. Nyinyi watu wa hapa ni wezi. Watu wakaanza kugeuka. Nilitaka wageuke.

Yeye hakupandisha sauti. Alichukua ile transista, akaitazama, akanirudishia.

"Buda, panda ghorofa ya pili. Kuna mzee huko. Mwambie akupimie. Akisema ni feki, shuka hapa, nikupatie kumi bure na nikuombe msamaha mbele ya hawa wote."

Mzee alikuwa ndani ya chumba kisichozidi upana wa choo cha shule, amezungukwa na redio, vikuza sauti vya kanisa, na mgongo wa televisheni ya zamani. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto alikuwa amevaa mkanda, na kutoka kwenye mkanda waya ukaenda hadi kwenye msumari mezani. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba mke wake amemfunga asiende baa.

Aliichomoa transista kwenye bodi, akaweka ncha za mita kwenye mguu wa geti na wa jirani yake. "Hapa mita haifai kuona kitu," alisema. "Kati ya geti na hii mingine kuna ukuta." Mita iliona omu mia tatu na kitu. "Ukuta umetobolewa."

"Kwa hivyo ni feki?"

"Feki gani? Ilifanya kazi siku ngapi?"

"Kumi na moja. Na majaribio ya Februari."

Akaniangalia kwa muda. Kisha akaniuliza maswali ambayo daktari huuliza. Ulibeba na nini? Ulikaa wapi ukilehemu? Ulivaa nini? Chuma chako kina pini ngapi?

Nilijibu yote. Nilipofika kwenye biro, alivua miwani.

*

Hivi ndivyo alivyonieleza, na baadaye nikasoma mwenyewe nikakuta ni kweli.

Ile transista ni ya ukoo ulioanzia maabara za Bell, Marekani, mwaka 1959, mikononi mwa watu wawili: Mohamed Atalla, mzaliwa wa Port Said, Misri, na Dawon Kahng kutoka Korea. Leo ukoo huo umejaa ndani ya kila simu, mabilioni kwa mabilioni. Siri yake ni tabaka la oksidi ya silikoni, ndugu wa kioo cha dirisha, lililolazwa chini ya geti. Ni jembamba mara mamia kadhaa kuliko unywele. Geti haligusi kitu. Linaamuru kupitia kioo hicho. Na kioo cha 2N7000 kimeandikiwa kisizidishiwe volti 20.

Sasa njoo kwa mwili wako. Ukiburuta miguu kwenye zulia siku kavu, unaweza kujikusanyia zaidi ya volti 10,000. Hazikuui kwa sababu umeme wenyewe ni kidogo sana, kijiko cha maji kilichomwagwa kutoka ghorofani. Lakini huwezi hata kuuhisi mpaka ufike kama volti 3,000. Mzee alinirudishia hilo mara mbili. Yale maumivu ya kitasa cha mlango ni 3,000 kwenda juu. Chini ya hapo unagusa, unaua, na kidole hakijui.

"Na isipokufa pale pale?" niliuliza, kwa sababu yangu haikufa.

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Inaumia ndani. Ukuta unapata ufa. Unaiwasha, inakubali. Unaipima, inakubali. Unampelekea mtu, anakuombea kwa Mungu. Halafu siku moja ufa unafika upande wa pili."

Hakudai kwamba ameona kilichotokea Februari. Alisema wazi kwamba huenda ni mwili wangu, huenda ni chuma. Chuma cha kulehemu kisicho na waya wa athi, ule unaoelekea ardhini, hupenyezewa kidogo kidogo na stima ya ukutani, na ncha yake inaweza kuelea na volti makumi, hata kupita mia, bila wewe kujua. Mkondo wake ni mdogo mno, lakini kioo cha volti 20 hakihesabu mkondo. Kwa hivyo washukiwa walikuwa wawili, na wote wawili walilala keja kwangu.

Nilishuka ngazi. Ghorofa mbili si nyingi lakini zilinitosha kufikiria kupitia mlango wa nyuma. Yule muuzaji alikuwa anahudumia mtu. Nilingoja. Baadhi ya wale waliogeuka asubuhi walikuwa bado wapo, na nikaona ni haki wageuke tena.

"Ni mimi," nilimwambia. "Transista yako ilikuwa sawa. Niliiua mwenyewe. Nisamehe kwa yale maneno."

"Haya," alisema. Kisha akanipimia sponji nyeusi, ile ya kuchomekea miguu ya chipu ili miguu yote iwe na volti moja, akaikata kwa makasi na kuifunga na transista mbili. "Hiyo sponji ni bure. Lakini usiweke tena mfukoni, tafadhali."

*

Jambo la kwanza nililofanya ni kununua chuma chenye pini tatu. La pili ni kumwita fundi wa stima aangalie kama tundu la tatu la keja yangu lina kitu nyuma yake. Alifungua soketi. Waya wa athi ulikuwepo, wa kijani na manjano, umekatwa, umekunjwa na kufungwa kwa tepu kama kitovu cha mtoto. Akafungua nyingine. Vilevile. Tukashuka kwa keateka.

"Si stima inawaka?" keateka aliuliza.

Inawaka.

"Sasa shida ni gani?"

Nilimpigia mwenye ploti mara tatu. Mara ya tatu aliniambia wapangaji wengine wako sawa. Na kweli wako sawa, mpaka siku pasi ya mtu itakapovuja stima kwenye bati lake na ikose njia ya kwenda ardhini isipokuwa mkono uliyoishika. Soketi hizi tulirithi kwa Mwingereza. Kiwango chake kilitolewa 1947, na pini ya juu ilifanywa ndefu kuliko nyingine makusudi, ili iingie kwanza na itoke mwisho. Mtu alikaa chini akafikiria usalama wangu miaka 75 kabla, na mwingine akaja na koleo akaukata ili aokoe mita chache za waya.

Kwa hivyo nikaanza kwenda kwa Mzee kila Jumamosi. Meza yake ilikuwa na athi ya kweli. Alikuwa amelipa mwenyewe. Nilimletea maandazi, yeye akanipa kiti na mkanda wa pili wa mkono.

Ule mkanda, kwa njia, hauunganishwi moja kwa moja na ardhi. Ndani yake mna rezista ya omu milioni 1. Umeme tuli hupita hapo polepole ukaisha, lakini ukigusa waya wa stima kwa bahati mbaya, kinachopita mwilini ni kama robo ya miliampu, haitoshi kukuua. Watu wengine hujifunga waya mtupu kutoka mkononi hadi bomba. Mzee aliwaita marehemu watarajiwa.

Mengine alinifundisha bila kuyapanga, kadiri nilivyokosea.

Chipu haishikwi miguu. Inashikwa tumbo, kama kifaranga. (Aliposema hivyo aliona uso wangu, akaomba radhi.) Lehemu kwanza vitu vigumu, rezista na soketi, na wanyonge waje mwisho. Kama chipu ina soketi yake, lehemu soketi ikiwa tupu, ngoja ipoe, ndipo chipu ikae. Kama huna soketi, anza na mguu wa athi. Kabla hujagusa kitu, gusa chuma kilichounganishwa na ardhi. Sweta ibaki mlangoni, pamba tu. Na usiku ambao huna chuma cha pini tatu na kazi haingoji, pasha hiki cha pini mbili hadi kiwe moto, kichomoe ukutani kabisa, kisha ulehemu na joto lililobaki. Una sekunde chache. Zinatosha mguu mmoja au miwili. Rudia.

Kisha joto, maana umeme tuli si adui peke yake. Risasi ya zamani yenye bati 63 na risasi 37 kwa mia huyeyuka kwenye nyuzi 183, lakini ncha ya chuma huwa kwenye 330 au 350, na watu waoga hupunguza moto wakidhani wanaiokoa chipu. Ni kinyume. Chuma baridi kinakulazimisha ukae sekunde kumi ukisugua, na joto lote linapanda mguuni hadi tumboni. Chuma moto, ncha safi, flaksi ya kutosha, sekunde tatu, ondoka. Ukiogopa, bana mguu kwa koleo ndogo kati ya ncha na tumbo, joto liishie kwenye koleo.

"Uoga wako ndio unaunguza," alikuwa akisema. Sikumwelewa mpaka mwezi wa nne.

*

Shosho, mama yake Tata, alitutoka mwaka uliofuata. Januari, baada ya misa ya ukumbusho wa mwaka mmoja, Tata alinivuta kando na kunipa kitu kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki wa zamani, ile iliyopigwa marufuku 2017 ambayo kila mama wa Kenya bado ana hazina yake chini ya godoro. Ndani ya mfuko, soksi ya sufi. Ndani ya soksi, kinasa sauti changu.

Nilikinunua nikiwa chuo, kwa mradi wa kukusanya hadithi za wazee. Nilikaa na Shosho jikoni kwake siku tatu. Nakala zilikuwa kwenye kompyuta iliyoibwa nikiwa mwaka wa nne. Kinasa sauti nilikuwa nimemwachia Shosho mwenyewe, kwa sababu alipenda kukishika. Betri zilivujia ndani miaka yote hiyo. Springi ilikuwa imeliwa, ukoko wa kijani na mweupe umetambaa kwenye bodi, na tundu la USB lilikuwa limeng'oka upande mmoja, linachezacheza kama jino la mtoto. Hakikuwa na kadi ya kuchomoa. Sauti ilikuwa ndani ya chipu moja, upana wa ukucha, milimita chache kutoka mahali ambapo mtu angepaswa kulehemu.

"Tata, mpe mtu mwingine," nilisema. "Kuna watu wa kazi hii."

"Wewe ndiye uliua vifaranga wangu," alisema, bila hasira. "Kwa hivyo wewe ndiye unajua vile kitu huharibika."

Nilikitoa kwenye plastiki na soksi pale pale, polepole, nimeshika geti la chuma la boma kwa mkono mwingine. Lazima walionipita walidhani nalia.

*

Mzee alikikagua kwa lenzi. "Hapa si pa Februari," alisema. "Ngoja mvua."

Nilidhani anatania. Nina mkanda, nina athi, mvua ya nini? Akasema kwamba hewa yenye unyevu haiachi chaji ikae juu ya vitu, na yeye anapenda Mungu naye awe upande wake. Lakini nadhani alikuwa anatafuta muda, kwa sababu aliniletea rundo la bodi za simu zilizokufa na kuniambia ning'oe na kurudisha matundu ya USB ishirini. La kwanza niliunguza hadi bodi ikatoa malengelenge. La tano niling'oa pamoja na njia zake za shaba. La kumi na mbili lilikaa lakini lilipinda. Tata alipiga kila Jumapili. "Umeanza?" Bado. "Haya, Baba." Hakuwahi kusema zaidi ya hayo, na ningependelea anitukane.

Mvua ilianza Aprili. Jumamosi ya pili, barabara ya chini ikawa mto, wateja hawakuja. Nilivaa shati la pamba na mkanda. Nilikuwa nimeshasafisha ukoko kwa siki, ambayo huvunja ile dawa kali ya betri, kisha kwa spiriti. Tukafunika chipu ya memori kwa tepu ya kahawia isiyoyeyuka na juu yake karatasi ya foili iliyounganishwa na athi ya bodi. Chuma nyuzi 340. Flaksi. Miguu mitano.

Wa kwanza, sekunde tatu. Wa pili, sekunde tatu. Wa tatu mkono ulitetemeka. Nikaondoa chuma mapema, risasi ikaganda vibaya, nikarudi, na nikiwa narudi nilianza kufikiria ndoo ya rangi. Nikakaa. Sijui nilikaa kwa muda gani. Nilipoinua ncha, ule mraba mdogo wa shaba ulioshika mguu uliinuka nao, ukajikunja kama ganda la kitunguu.

Ulikuwa mmoja wa njia mbili za data. Bila huo, hakuna kusoma kitu.

Niliweka chuma chini. Mzee hakusema lolote kwa muda, alikunywa chai. Kisha akafungua mkebe wa peremende, akatoa waya mwembamba kama unywele, aliokuwa ameufumua kutoka koili ya redio.

"Njia imekatika. Kijiji bado kipo," alisema. "Fuata mpaka uione tena."

Nilifuata kwa lenzi. Milimita sita mbele, njia ile iliingia kwenye rezista ndogo kama chembe ya chumvi. Nikakwangua, nikaweka flaksi, nikalehemu mwisho mmoja wa unywele hapo. Sekunde mbili. Mwisho wa pili kwenye mguu wa tundu. Sekunde mbili. Sikuogopa wakati huo; nilikuwa nimechoka kuogopa. Tukapima kila mguu kwa mita, na tukahakikisha stima na athi hazijagusana, kabla hata ya kuwaza kompyuta.

Tukachomeka. Hakuna. Sekunde kumi, hakuna. Mzee akabonyeza tundu kidogo kwa kijiti cha meno. Kwenye skrini pakatokea kisanduku kidogo, na ndani yake mafaili 7.

Sikufungua hata moja. Nilinakili kwenye kompyuta, nikanakili kwenye flashi mbili, moja nikampa Mzee aweke kwenye mkebe wake wa peremende. Ndipo nikaenda dirishani kutazama mvua.

*

Tulisikiliza Limuru, jikoni, mimi na Tata peke yetu. Kwa miaka yote nilikuwa nimejiambia kwamba mle mna hadithi kubwa: siku za hatari, kijiji cha kulazimishwa, jinsi babu alivyorudi. Hadithi zipo, kidogo. Lakini sehemu kubwa ni Shosho anachambua maharagwe. Unasikia maharagwe yakianguka kwenye sufuria. Unasikia mimi, sauti nyembamba ya mwanafunzi, nikiuliza maswali yaliyoandikwa na mwalimu.

"Hiyo kitu inasikia?" Shosho anauliza, kwa Kikuyu.

"Inasikia, Shosho."

"Hata nikinyamaza?"

"Hata ukinyamaza."

Basi akanyamaza. Dakika nzima, maharagwe tu, na pumzi yake. Kisha akasema, "Mzee wangu, sogea, umekalia aproni yangu."

Mzee wangu. Nina jina la mumewe. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe. Nilikuwa nimesahau jinsi alivyolivuta lile neno mwishoni.

Tata alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. Kutoka chumba cha nyuma kukasikika tak. Aliinua kichwa.

"Ni ile yako?"

"Ni yangu. Taa imewaka."

Alikuwa amenunua vifaranga wengine thelathini wiki hiyo, na nilikuwa nimemwekea kifaa kipya, transista yenye sponji hadi dakika ya mwisho. Jiko la makaa lilikuwa limewekwa tayari kando ya mlango, na kibiriti juu yake. Sikumuuliza kama bado anaamka usiku.

"Rudisha nyuma kidogo," alisema. "Pale alinyamaza."